Aliyeona Kila Faili Likiguswa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika nyumba yetu ya uchapishaji wa vitabu, msimamizi wa kompyuta, ambaye wote tunamwita Doria, atarudisha funguo za chumba cha seva na kwenda kupumzika. Kamati ya maandalizi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Waliniambia uwe mfupi, uwe na bashasha, na usimuudhi mtu. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi.

Wamenichagua mimi, fundi mkuu wa mitambo ya kuchapa, kwa sababu ni shemeji yake. Mkewe ni dada yangu wa tumbo moja. Nadhani walitegemea kwamba undugu utanilainisha ulimi. Wamesahau kwamba shemeji ndiye mtu anayeweza kukusema mbele za watu na kesho yake akaja kwako kudai chai, na chai akapewa.

Doria aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, shati limechomekwa vizuri, kalamu zimejipanga mfukoni. Enzi hizo kompyuta zilikuwa chache na zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuzifunua asubuhi, kuzifunika jioni, na kumfokea yeyote atakayezisogelea na kikombe. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Akapandishwa cheo, akapelekwa mafunzoni, akarudi na cheti na msamiati mpya, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwelewa tena. Yeye alilichukulia hilo kuwa dalili ya kubobea.

Kwa walioajiriwa juzijuzi, nieleze alichokuwa anafanya humo ndani siku zote hizi. Vitabu vyetu, tangu mswada hadi kurasa zilizopangwa tayari kwa mitambo, hukaa kwenye folda moja kubwa ya pamoja, yenye folda nyingine ndani yake, na nyingine ndani ya hizo. Doria aligundua kwamba anaweza kuketi mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, akaandika amri moja kwa mkono wake, na kompyuta ikamlindia folda yote hiyo na vilivyomo. Mtu akifungua faili, mstari unatokea. Akilibadilisha, mstari mwingine. Akilifunga, akilihamisha, akilifuta, hivyohivyo: saa, jina la faili, jina la aliyeligusa, na kilichotendeka. Mistari inapanda juu ya skrini siku nzima bila kuchoka, na Doria naye alikaa akiitazama bila kuchoka, kidevu mkononi, kama mtu aliyepata dirisha linalotazama ua wa jirani.

Wiki ya kwanza ya ulinzi huo aliona kwamba mchoraji wetu amefuta picha ya jalada la kitabu cha hesabu. Alitoka mbio, kamba za kiatu zinaburuta, akaingia chumba cha wachoraji na kumdaka mkono ulioshika kipanya. Mchoraji hakuwa amefuta kitu. Programu yake, kila anapohifadhi, huandika faili jipya pembeni, hulifuta la zamani, kisha hulipa lile jipya jina lilelile. Kwa hiyo kila mchoraji alipohifadhi kazi yake, kwenye skrini ya Doria kulikuwa na mauaji. Mtu mwingine angecheka na kuomba radhi. Doria alimtaka mchoraji abadilishe namna yake ya kufanya kazi. "Mzee anataka nichore bila kusevu," mchoraji alitusimulia kantini. "Yaani picha niwe naikumbuka tu kichwani."

Baadaye akaona kutazama hakutoshi, anataka na kumbukumbu. Akaiagiza kompyuta iandike kila tukio kwenye faili, na faili lenyewe, kwa umakini wake wote, akaliweka ndani ya folda ileile inayolindwa. Msomaji asiye mtaalamu atulie kidogo, aione sura ya jambo hili. Kompyuta iliandika tukio. Kule kuandika kukawa ni kubadilisha faili, na kubadilisha faili ni tukio, basi ikaliandika na hilo. Kisha ikaandika kwamba imeandika. Iliendelea hivyo, inajipeleleza yenyewe na kujishtaki yenyewe, mpaka diski ikajaa pomoni na nyumba nzima ikasimama. Sisi tulikunywa chai mpaka mchana. Doria alipotoka chumba cha seva alitangaza kwamba mfumo umezidiwa na shughuli zisizo za kawaida, halafu akatukagua mmoja mmoja kwa macho.

Haki yake lakini nimpe. Siku mhariri mmoja alipofuta folda nzima ya vitabu vya darasa la kwanza, akidhani anafuta nakala yake mwenyewe, Doria aliliona jambo hilo dakika ileile. Akakata mtandao, akaenda kwenye nakala za akiba, akairudisha folda yote kabla mhariri hajamaliza kulia. Hiyo ndiyo kazi ya chombo kile, na siku hiyo kilikuwa mikononi mwa mtu anayekijua. Angeishia hapo, mimi leo ningekuwa naandika ukurasa mmoja wa sifa na kurudi kwenye mitambo yangu.

Hakuishia hapo. Nyumbani aliiwekea ulinzi hata kompyuta ya familia, apate kujua kama binti yao anafungua masomo. Mpwa wangu yule aliielewa akili ya baba yake kabla yetu sote. Alilifungua faili la masomo, akalifunga, akalifungua tena, akalifunga tena, huku anaongea na simu. Baba mtu akaja kunisifia, mtoto ana bidii sana siku hizi. Dada yangu alikuwa anakata vitunguu pale pembeni, akasema anashukuru Mungu friji yao haina waya wa mtandao.

Kisha akaja mkurugenzi mpya, mtu wa grafu na mishale inayopanda. Siku ya kwanza aliuliza swali ambalo wakurugenzi huuliza wanapokuwa hawajui watu wanafanya nini: atajuaje nani anafanya kazi? Doria alinyoosha mkono. Tangu wiki hiyo, ubao wa matangazo ulio karibu na mlango wa kantini ukawa na karatasi ya majina yetu, yamepangwa kwa idadi ya matukio. Aliyegusa mafaili mara nyingi juu, aliyegusa mara chache chini. Wa juu alipigwa picha na mkurugenzi. Wa chini aliitwa ofisini kujieleza.

Watu si wajinga. Kabla ya mwezi kwisha nyumba yote ilikuwa imejifunza kitu ambacho sijawahi kukiona mahali pengine popote: kuhifadhi bila kuwa na cha kuhifadhi. Unasoma mstari, unahifadhi. Unapiga chafya, unahifadhi. Unamsikiliza mwenzako habari za harusi ya shangazi yake, na vidole viwili viko palepale kwenye kibodi, vinahifadhi. Kuna aliyeegemeza kamusi kwenye kibodi akaenda kula, akarudi amekuwa mfanyakazi bora wa mchana huo. Hodari kuliko wote alikuwa mhariri mmoja, mcheshi na mwepesi wa vidole, ambaye kwa sababu ya ule ubao tukampa jina la Bingwa. Bingwa alifungua faili asubuhi na hakulifunga mpaka jioni, na kati ya hapo sina uhakika kama alilisoma.

Dada yangu naye alikuwa hapahapa, msahihishaji mkuu. Kazini walimwita Mama Penseli, kwa sababu yeye husoma kwenye karatasi. Alichapisha sura, akafunga mlango, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, na kuanzia hapo usimwite hata kama jengo linaungua. Si mtu mpole. Aliwahi kumrudishia profesa mswada wake na kumwambia amwandikie binadamu, asijiandikie mwenyewe. Makosa aliyoyakuta aliyatia alama kwa penseli, karatasi zikaenda kwa mpangaji wa kurasa, na mpangaji ndiye aliyeyarekebisha kwenye faili. Kwa hiyo kwenye skrini ya mumewe, Mama Penseli alikuwa karibu hayupo. Faili limefunguliwa, limechapishwa, limefungwa. Halafu kimya mpaka saa ya kutoka.

Alikuwa wa mwisho kwenye ubao wiki ya kwanza. Wiki ya pili pia. Sasa, Doria angeweza kumweleza mkurugenzi kwa sentensi moja. Anamjua mwanamke huyu. Amemwona miaka yote hiyo mezani kwao amezungukwa na karatasi, amemwona akikataa kuja kulala mpaka amalize sura. Lakini Doria hakueleza kitu, na kibaya zaidi, akaona fahari. Alisimama mkutanoni, akaweka jina la mkewe chini kabisa mbele yetu sote, akasema, "Hapa hakuna mke wala shemeji. Namba ni namba." Akapigiwa makofi kwa uadilifu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dada yangu. Mikono yake ilikuwa juu ya meza na haikusogea, na nilitamani kumtoa shemeji yangu nje nikamkung'ute kama mkeka.

Hapa nisimame niseme jambo. Ninapoandika haya, faili hili liko kwenye folda ya pamoja kama jarida letu linavyotaka, na Doria yuko kwenye skrini yake mpaka Ijumaa. Anajua nimelifungua mara ngapi na nimelibadilisha saa ngapi. Jana tulikutana kwenye ngazi akaniambia, "Naona unajitahidi, shemeji." Hajui nimeandika nini, na hakuniuliza.

Basi. Tulikuwa na kitabu cha wakunga mkononi, kitabu cha kuwekwa kwenye kila chumba cha kujifungulia, kiwe wazi mezani, mkunga akikwama atazame. Dada yangu alikuwa amekisoma karibu chote. Kwa ajili ya ule ubao, mkurugenzi akamnyang'anya na kumpa Bingwa, mtu mwenye matukio. Asubuhi ya makabidhiano dada yangu alikuwa ametoka kusoma jedwali la dawa na kukuta nukta imedondoka kwenye kipimo kimoja, namba imekuwa mara kumi. Akatia alama, mpangaji wa kurasa akairudisha nukta mahali pake, akahifadhi. Ila Bingwa alishalifungua faili lilelile mapema, kabla ya marekebisho, na kwenye kompyuta yake bado lilikuwa la zamani. Hakulisoma. Alifanya anachokijua. Akahifadhi. Faili lake la zamani likalala juu ya lile jipya, nukta ikapotea tena, na kwa kuwa hakuna mtu anayepata sifa kwa kuhifadhi mara moja, akahifadhi na kuhifadhi. Kwenye skrini nyeusi ikaandikwa: limebadilishwa, limebadilishwa, limebadilishwa. Doria akafurahi kuona kitabu cha wakunga kimepata mtu wa kazi.

Kitabu kilifika kwangu. Kwenye mitambo tuna desturi ya zamani: karatasi ya kwanza ikitoka, mashine inasubiri, karatasi inapelekwa kwa msahihishaji aisome na kutia saini ndipo tuendelee. Kitabu kilikuwa cha Bingwa, kwa hiyo karatasi zangu zilitakiwa kwenda kwa Bingwa. Nilizipeleka kwa dada yangu. Sikuwa na hekima yoyote kichwani, ni kwamba Bingwa simwamini hata kunitilia sukari. Dada yangu alinitazama kwa hasira, akaniambia kazi hiyo alishanyang'anywa. Nikaziacha mezani na kusimama palepale. Akashusha pumzi, akavuta rula. Alipofika kwenye jedwali la dawa, rula ikasimama. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Kaka, nenda kazime mashine."

Nilikimbia. Mimi si mtu wa kukimbia na wanaonijua mtaelewa. Nilipofika chini vijana wangu walikuwa wameanza kuchapa kwa kuwa nilichelewa, na tulikusanya kila karatasi iliyokwisha kutoka, tukahesabu mara mbili, tukazipeleka zote kwenye mashine ya kukatia karatasi. Nilikuwa nafikiria mama mmoja kitandani na mkunga amemsimamia, anafuata kitabu chetu kama alivyofundishwa.

Mkutano uliitishwa, na hapa ndipo shemeji yangu alipopata siku yake kubwa. Alitoa kumbukumbu zake, akazimulika ukutani, akatuonyesha mstari kwa mstari: hapa mpangaji wa kurasa amerekebisha, hapa Bingwa amehifadhi faili la zamani juu yake, na hapa tena, na hapa tena. Kila kitu kilikuwa sahihi. Akageuka kwetu uso unang'aa, akasema, "Mnaona? Mfumo ulikuwa unaona kila kitu." Ni kweli ulikuwa unaona. Na yeye alikuwa anaona. Kosa lilipita mbele ya macho yake asubuhi nzima, mstari baada ya mstari, na yeye akaliandikia alama za bidii. Hilo hakulisema, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu mkurugenzi alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Karatasi ya ubaoni iliondolewa kimyakimya, bila tangazo. Dada yangu aliambiwa arudi kwenye kitabu chake. Akasema asante, hapana. Akakusanya rula, penseli zake na mto wa kukalia, akatoka kwa mlango wa nyuma kupitia kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeushika wazi. Hakukuwa na kamati, hakukuwa na viti vilivyopambwa, hakuna aliyeombwa kuandika wasifu. Jioni mumewe alimuuliza kwa nini hakujitetea mapema, kama alikuwa na maelezo si angeyatoa. Dada yangu akamjibu, "Nilikuwa nasoma, baba watoto. Ulitaka nisome kwa kelele?" Doria akasema ripoti ilikuwa sahihi kwa mujibu wa takwimu zilizokuwepo. Najua kwa sababu nilikuwa pale, na chai yangu sikuimaliza.

Tangu siku hiyo Doria amepata cheti cha utumishi uliotukuka na saa ya ukutani. Bingwa ni mkuu wa idara ya uhariri, na Ijumaa ndiye mshereheshaji wetu. Kitabu cha wakunga kiko vyumba vya kujifungulia na nukta yake. Jina la aliyeiona halimo ndani ya kitabu, kwa sababu siku kinatoka hakuwa mfanyakazi wetu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunamshukuru Doria kwa vitabu vya darasa la kwanza alivyovirudisha, kwa seva ambazo, ukiacha ile siku ya diski, hazikuwahi kuzimika kwa uzembe, na kwa kutufunza, bila kukusudia, kwamba mtu anaweza kushughulika siku nzima na asifanye kitu. Tunakiri pia kwamba hakuwahi kumwonea mtu kwa chuki. Aliwaonea wote kwa usawa na kwa dhati ya moyo, na nadhani hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana nampenda huyu bwana. Ni mume mwaminifu na baba mwema, na nilipougua alinikalia hospitalini wiki nzima.

Sasa nikugeukie wewe mwenyewe, shemeji. Jumatatu utaamka huna pa kwenda. Mkeo atakuwa kwenye meza ya kulia, upande wa dirishani, anasoma kitabu cha nyumba nyingine ya uchapishaji, maana siku hizi wote wanampelekea yeye. Vuta kiti ukae. Usiguse kitu. Utaona rula ikishuka mstari mmoja, halafu mwingine, na kwa muda mrefu hutaona kingine chochote. Hiyo ndiyo kazi. Ndivyo ilivyokuwa nyuma ya ule mlango uliofungwa, wakati wewe ulikuwa unaandika kwamba hayupo.

Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na maisha mema ya kustaafu. Dada yangu hajaniomba niandike lolote hapa. Ila mimi namjua tangu tulipokuwa tunagombania shuka moja, na najua bado anasubiri umwambie kwamba ulikosea. Umwambie ukiwa umekaa hapo, akigeuza ukurasa. Atakusikia.